Aliyewapiga Picha Wazee Wetu

Nilipaswa kukataa alasiri ile aliponiambia, "Kuanzia leo begi unapakia wewe, na mtu asijue kwa nini." Tulikuwa chumba cha nyuma cha studio yake, mjini Singida, vifaa vya safari vimepangwa juu ya meza. Alikuwa ametoka kuinua lenzi yake ndefu na kuiweka mahali alipodhani meza ingali inaendelea. Meza ilikuwa imekwisha. Lenzi ilianguka kwenye saruji, kioo kikapasuka, naye hakuinama kuitazama. Aligeukia ukutani akangoja jibu langu. Nikasema, "Sawa, jirani."

Kila mtu alimwita Mpiga Picha, hata mke wake alipomtuma mtu kumwita dukani. Kwao na ukoo wake wapo wanaoujua kuliko mimi. Mimi namjua kuanzia mlangoni mwa studio. Duka langu la vipuri vya baiskeli lilipakana na lake, ukuta mmoja, na mwembamba, kiasi kwamba nikipiga chafya yeye hunijibu. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, kwetu ni upande wa Ihanja. Yeye alikuwa mtu wa mjini, wa familia ya wafanyabiashara, Mwislamu wa swala tano. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, lakini akijaribu Kinyaturu watoto walikuwa wanaitana waje kusikiliza. Tuliitana jirani miaka yote. Majina yetu yalibaki ya kutumika benki.

Simu za kamera zilipoingia, studio ilibaki na picha za pasipoti na vitambulisho vya shule. Harusi walichukua vijana wenye kompyuta. Kilichobaki chake, ambacho hakuna kijana aliyekitaka, ni safari ya kiangazi. Mtama ukishavunwa na alizeti kupigwa, barabara za vijijini zikakauka, tulikuwa tunafunga milango yetu miwili na kwenda kuwapiga picha wazee.

Nieleze kwa nini wazee. Kwetu, Mkristo akizikwa, picha yake huwekwa kwenye fremu mbele ya jeneza, na mjukuu hutangulia nayo kwenda kaburini. Sasa wazee wengi vijijini hawakuwa na picha. Mtu akifa, watoto hukimbilia picha ya harusi ya mtu mwingine ambayo marehemu alisimama pembeni, wanamkata, wanamkuza. Mpiga Picha aliletewa kazi ya namna hiyo mara nyingi. Siku moja alihudhuria mazishi ya mteja wake Ikungi, akaona picha ya mzee iliyokatwa vibaya: begani kwa marehemu ulibaki mkono wa mtu asiyejulikana, vidole vinne na pete. Alirudi hana raha.

"Mtu mzima anazikwa na mkono wa mgeni begani," aliniambia. "Na mimi ndiye niliyeikuza ile picha, jirani. Nilidhani hawataona."

Tangu hapo alianza safari zake. Wapo waliomuuliza Mwislamu anatafuta nini kwenye picha za majeneza, kwa kuwa kwao maiti huzikwa bila picha yoyote. Aliwajibu, "Ndiyo maana sina upendeleo."

Maandalizi ya safari hayakuanza na kamera. Yalianza na swali moja, "Tunakwenda kwa nani?" Alitaka nimweleze nyumba. Kama mzee anakaa kwenye tembe, lile la paa la udongo na madirisha ya kuchungulia, tutachukua lenzi fupi inayoona kwa upana, na flashi, na shuka jeupe la kurudisha mwanga. Kama ni bibi mwenye haya, tutachukua ile ndefu, ili yeye Mpiga Picha asimame mbali karibu na zizi na bibi asahau kwamba yupo. Upepo wa kwetu aliuchukia kama mtu. Stendi ya kamera aliifungia mfuko mtupu chini, wa kujaza mawe tukifika, na mawe Singida hayanunuliwi. Vumbi aliliwekea soksi. Kila lenzi ilikuwa na soksi yake ya kitoto, mpya, yenye rangi yake. Mwenye duka alimuuliza ana wajukuu wangapi. Akasema, "Watano, wote wa kioo."

Kisha tulipanga vyote mezani, na hapo ndipo palipokuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mtu mwingine. Aliinua kifaa kimoja kimoja na kuniambia, "Nibishie." Kazi yangu ilikuwa kupinga kisiende. Kazi yake ilikuwa kukitetea. Akishindwa, kinabaki.

"Betri hii ya tatu ya nini? Mbili zinatosha."

"Ihanja umeme ulikatika mwaka jana siku nzima."

"Tulichaji kwa mashine ya kusaga."

"Na mwenye mashine akifiwa? Tutasaga msibani?"

Betri ikaingia. Lakini mwavuli mkubwa wa studio niliushinda kila mwaka, na kila mwaka aliuinua tena. Alisema mzigo usiobishiwa ndio unaomvunja mtu mgongo kilomita ya mwisho. Tulibishana hivyo jioni nzima, mke wake akituletea chai na kutikisa kichwa. Begi likijaa, tulilitia ndani ya gunia lililoandikwa chakula cha kuku, ili kwenye basi asijue mtu. Utingo mmoja aliwahi kulinyanyua akasema, "Wazee, kuku wenu wanakula vyuma?"

Ndiyo maana nasema nilipaswa kukataa. Mtu yule alikuwa amenifundisha kumbishia betri. Siku alipoleta jambo zito kuliko mizigo yote, sikumbishia hata neno.

Juu kabisa ya begi lilikaa koti. Lilikuwa la kijivu, la mitumba, zuri. Wazee wengi tuliowakuta walikuwa na shati moja lenye kola iliyokwisha, wakaona aibu. Basi walivaa koti, na bibi walijifunika mtandio wa zambarau ambao Mpiga Picha aliuazima kwa mke wake na hakuurudisha. Matokeo yake, ukizunguka sebule za Ikungi leo, utakuta ukutani marehemu wengi wamevaa koti moja. Watu walilijua. Likitolewa kwenye gunia, kuna waliocheka na kuna waliotoka nje.

Pale Mkiwa mzee mmoja alikataa katakata kulivaa. Akaniambia kwa Kinyaturu nikatafsiri, "Anasema shemeji yake amezikwa nalo."

"Mwambie shemeji yake amezikwa na picha tu. Koti tumelifua."

Mzee akafikiri, akasema, nikatafsiri tena. "Anauliza, na wewe unayekuja kila kiangazi kututazama, umetumwa na Israili mtoa roho?"

"Mwambie Israili hatembei na chaja."

Mzee alicheka hadi akakohoa, akavaa. Alipokaa, Mpiga Picha alimwambia maneno aliyomwambia kila mtu, "Usicheke, usinune. Kaa kama unayesikiliza mvua." Niliyatafsiri maneno yale mara nyingi mno, na sijui yalifanya kazi gani, lakini nyuso zilitulia. Mvua ni jambo ambalo mtu wa kwetu anajua kulisikiliza.

Asidhani mtu kwamba namsifu tu. Alikuwa mgumu kwa sukari, akihesabu vijiko vya mgeni kwa macho. Aliwahimiza wazee wawe wavumilivu mbele ya kamera, na yeye mwenyewe akichelewa kujibiwa salamu ananuna. Alisamehe bei ya picha kwa mjane bila kufikiri, kisha akanigombeza wiki nzima kwa kupoteza kifuniko cha lenzi. Na alikuwa mwongo wa magonjwa. Akiwa na homa alisema amechoka. Jino likimuuma alisema hana hamu ya nyama. Mke wake alikuwa akipata habari za mwili wake kutoka kwangu, dukani, akija kununua kitu asichokihitaji. "Shemeji, nipe nati moja," anasema, na wote wawili tunajua hana baiskeli. Namwambia mumeo anaumwa jino. Anakwenda. Kesho yake Mpiga Picha anapelekwa kung'oa, analalamika kwamba wanawake wana masikio marefu, na kunigombeza hanigombezi.

Sikuutafakari utaratibu huo wakati ule. Niliuona kama tabia ya nyumba ile.

Macho yalianza pembeni. Alikuwa anagonga bega kwenye fremu ya mlango alioupita maisha yake yote. Kikombe akiwekewa upande wa kulia anakimwaga. Alisema taa za magari siku hizi zina duara la rangi, akawalaumu Wachina. Kwenye kupakia alianza kuniuliza, "Hii ni soksi gani?" kwa sauti ya kunitania, nami nikajibu kwa sauti ya kutaniwa. Tulikuwa tunajua na hatukuwa tunasema. Halafu lenzi ikaanguka.

Alinieleza sababu zake. Binti yake alikuwa muuguzi Dodoma. Akisikia, atakuja kumchukua, atamweka kwenye foleni za hospitali, studio itafungwa, kamera zitauzwa. "Nataka kiangazi kimoja tu, jirani. Kuna wazee wale wa juu ya Ihanja niliwaahidi. Nikimaliza nitakwenda mwenyewe."

Nilisema sawa, na sikusema kwa ajili yake peke yake. Mke wangu alikuwa amefariki. Duka langu lilikuwa limekufa pia, watu wananunua pikipiki. Kitu pekee nilichokingojea mwaka mzima kilikuwa kufunga lile gunia na kuondoka naye. Nilijua kwamba nikisema, safari zimekwisha. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo na baya: nilipenda kuwa macho yake. Miaka yote nilikuwa mbeba stendi. Sasa ikawa mimi ndiye ninayechagua lenzi.

Kiangazi kimoja kikazaa cha pili, na cha pili kikazaa kingine, na kila mara wale wazee wa juu ya Ihanja tuliwaahirisha.

Nilipakia peke yangu. Hakukuwa na wa kunibishia, kwa hiyo nilibeba vitu vya bure na kusahau vya lazima. Tukifika, nilimsimamisha, nikamwelekeza kamera kwa kugusa kiwiko, kana kwamba namshika kwa mapenzi. Kamera za sasa hulenga zenyewe, na hilo lilitusaidia kudanganya. Yeye alisema maneno yake ya mvua na kubonyeza. Nyumbani nilikaa na fundi wa kompyuta tukawanyoosha watu waliopinda na kurudisha mwanga pale alipokosea. Palipokosekana sikio, hatukuweza.

Familia moja ya Mkiwa ilikuja na picha ya baba yao, nusu ya kichwa imebaki nje. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa, na picha hiyo ndiyo iliyotangulia jeneza. Kijana wao hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, tulikuamini."

Mpiga Picha alinioneshea kidole. "Huyu jirani yangu alinigusa mkono."

"Ni kweli," nikasema. "Nilimgusa." Nilimwomba radhi yule kijana. Baada ya wao kuondoka akasema, "Ahsante." Nikaona nimefanya jambo la urafiki. Leo nikiifikiria picha ile, naona nilishiriki kumfanyia mtu kosa lile lile la mkono begani, ambalo yeye Mpiga Picha alitumia uzee wake wote kulikimbia.

Binti yake alikuja Idi ya mwaka ule. Alinikuta uani kwao, Mandewa, nikiifuta stendi vumbi. Alinisalimu kwa kuinama kidogo, kama alivyozoea tangu mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu."

"Baba mdogo, nikuulize. Baba anaona vizuri?"

Alikuwa amesimama na sinia ya vyombo. Hakunihoji, aliuliza tu, na mtu anayeuliza hivyo anataka uambie ukweli kidogo tu, yeye atamalizia. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari.

"Anaona kuliko mimi," nikasema.

Akanitazama. "Maana nimempa chai, amepapasa."

"Uzee. Hata mimi napapasa."

"Haya," akasema. Akaingia ndani na vyombo vyake. Mke wa Mpiga Picha alikuwa mlangoni, alisikia yote, na macho yake yalinipita yakaenda kwenye stendi. Tangu siku ile hakuja tena dukani kununua nati. Nilidhani ameridhika.

Safari ya mwisho tulilala nyumba ya wageni pale Mkiwa, vitanda viwili chumba kimoja. Usiku alilalamika kichwa, nikampa dawa ya maumivu. Asubuhi nilikuwa nimeamka, jua limeingia dirishani na kumlalia usoni, naye amekaa kitandani amevaa kanzu kwa usahihi, miguu chini.

"Jirani," aliniita, "kumekucha?"

Nilisimama mbele yake, kivuli changu kikamfunika, akaniuliza tena swali lile lile.

Hospitali walitupokea vizuri. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limezima zamani, la kushoto lilikuwa limebaki na kitundu, na sasa kitundu kimezibika. Alisema ugonjwa huu haurudishi ulichochukua, lakini ukiwahi, matone ya dawa yanaweza kuuzuia usichukue kilichobaki. Binti, ambaye alikuwa amesafiri kutoka Dodoma siku ile ile, alimuuliza kuwahi maana yake ni lini. Daktari akasema dalili zilikuwepo miaka kadhaa. Kama angeletwa wakati anaanza kugonga milango, huenda leo angekuwa anasoma gazeti.

Binti hakunigombeza. Alinifuata kwenye benchi la nje akasema, "Nilikuuliza, baba mdogo." Basi. Akarudi ndani. Mpaka leo, tukikutana, ananipa shikamoo yangu yote, na baada yake hapana kitu.

Kwa muda mrefu sikwenda Mandewa. Niliogopa. Nilijiambia namwacha apumzike. Kwa watu niliosali nao kanisani nilisema yeye ndiye aliyenikataza kusema, na wote walikubali kwamba siri ya mtu ni ya mtu. Walinifariji, na kila aliyenifariji alinizidishia uzito, kwa sababu nilijua hawajui kuhusu nati.

Hatimaye nilikwenda, majuzi, baada ya mvua za kwanza. Nilipiga hodi. Mke wake alinikaribisha bila kuinua kichwa, akanionesha kiti na kuingia jikoni. Mpiga Picha alikuwa kibarazani, amenyolewa vizuri, mikono magotini. Alikuwa ananisikiliza tangu getini.

"Shikamoo kaka," nikasema. Sikuweza kumwita jirani.

"Marahaba. Umekonda. Nasikia hatua zako."

"Mvua imeanza vizuri."

"Imeanza. Nimekaa hapa miezi yote hii nafikiri jambo moja. Nikuulize?"

"Niulize."

"Nilipoumwa jino, nani alimwambia mke wangu?"

"Mimi."

"Nilipoanguka na pikipiki nikaficha kidonda?"

"Mimi, kaka."

"Nilikukataza?"

"Ulinikataza."

"Nilikuja kukugombeza?"

Jikoni vyombo vilikuwa vimeacha kulia.

"Mimi mwanamume mtu mzima," akasema, "ningemwambia nini mke wangu? Kwamba sioni? Ningeanzaje? Nilikuambia wewe. Mambo ya mwili wangu nyumbani kwangu yalikuwa yanapita dukani kwako, miaka yote. Nikarudi nyumbani siku ile nikakaa nikingoja waje wanipeleke. Nikangoja wiki. Nikasema jirani anavuta muda. Ukaja siku ya safari na begi limefungwa."

"Ulisema mtu asijue."

"Na la jino nilisema hivyo hivyo."

Nilimwomba msamaha. Nilisema maneno mengi, na sikumbuki hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia kama wa wale wazee. Sijui kama alivyosema ndivyo ilivyokuwa alasiri ile, au gizani amejitengenezea maelezo anayoweza kukaa nayo. Nimejiuliza sana. Haibadilishi kitu. Nilikuwa na kazi moja katika nyumba ile na kila mtu aliijua, mke aliijua, pengine hata binti alipokuja na sinia yake aliijua.

"Nimekusamehe," akasema. "Mungu shahidi. Lakini usije tena. Ukikaa hapo karibu nasikia mtu aliyeona na hakusema."

Niliaga. Mke wake alinisindikiza hadi getini kama heshima inavyotaka, akafunga komeo nyuma yangu.

Neno langu lile moja, "sawa", lilimgharimu macho yake, na wale wazee wa juu ya Ihanja wengi wao wamezikwa bila picha. Mimi lilinigharimu yeye. Yu hai, anakaa Mandewa, mwendo mfupi kutoka kwangu, na hakuna mwingine duniani niliyekuwa naongea naye.